Muulize Mama Muuguzi: Nibebe bastola nikiwa kazini?

*Barua tatu za mwezi huu zote zinahusu silaha, na zote zimetoka Marekani. Nimezijibu pamoja. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nimefanya zamu ya usiku kwenye chumba cha dharura hapa Houston miaka 21 kabla ya kustaafu.*

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Morogoro, huu ni mwaka wangu wa sita Houston, nina grini kadi. Mchana nasoma, usiku naendesha teksi mtandao. Mwezi wa tatu, saa nane za usiku, nilimchukua abiria karibu na barabara ya Bissonnet. Tulipofika alikotaka kushuka akatoa bastola akaniwekea nyuma ya sikio. Alichukua simu, dola 140 na pete yangu ya ndoa. Hakunidhuru zaidi ya hapo. Tangu siku ile sijalala vizuri. Nikisikia tu mlango wa nyuma unafunguliwa, mikono inatoka jasho.

Wenzangu wananiambia ninunue bastola. Wanasema hapa Texas kibali hakihitajiki tena, ukishafika miaka 21 na huna rekodi mbaya unaweka kiunoni na kutembea nayo. Mmoja yuko tayari kuniuzia ya kwake kwa bei ya kindugu. Mke wangu hataki hata kusikia. Ana mimba ya miezi mitano, na amesema siku nitakayoingiza kitu hicho ndani yeye anahamia kwa dada yake Dallas. Mimi namuuliza: nikiuawa, wewe na mtoto mtabaki na nani?

Mama, sikuulizi sheria, sheria nimeisoma. Nakuuliza haki. Mtu mwenye familia, aliyekwisha kuona kifo kwa macho, akibeba silaha ili ajilinde, anakosea wapi?
*Dereva wa usiku, Houston*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama hapo uliposema nyuma ya sikio.

Nianze na hilo jasho la mikono, kwa sababu naona ndilo lililoshika kalamu. Mtu aliyewekewa mtutu kichwani huenda akatulia akili, lakini mwili wake ukaendelea kuogopa miezi mingi. Hali hiyo ina matibabu. Nenda ukamwone daktari kuhusu usingizi wako kabla hujakwenda kuangalia bastola ya mtu yeyote. Nina sababu nyingine ya kusema hivyo, na nitaisema wazi kwa kuwa kwetu jambo hili hufichwa. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto Marekani, na zaidi ya nusu yao, asilimia 54, walijiua wenyewe. Mtu asiyelala, mwenye mawazo, yuko mbali na mama yake, na silaha iko kwenye droo: watu wa namna hiyo niliwapokea mimi, na wengi hawakufika wakiwa hai. Huenda hilo halikuhusu hata kidogo. Lakini umeniuliza haki, na wa kwanza mwenye haki juu yako ni huyo huyo unayetaka kumlinda.

Sasa swali lako. Kujilinda si dhambi, na sitakudanganya kwamba ni dhambi. Roho ni amana, na mtu akija kuichukua una haki ya kumzuia, hata kwa nguvu, hata kama nguvu hiyo itamuua, ikiwa njia nyingine haipo. Dini zetu zote zinakubali hivyo. Lakini wewe huniombi ruhusa ya usiku ule mmoja wa mwezi wa tatu. Unaomba ruhusa ya usiku wote mwingine, ambao hakuna aliyekuja kukuibia, na utakuwa nayo kiunoni kwenye sheli, kwenye foleni ya benki, kwenye harusi za watu, na siku ambayo umeamka vibaya.

Nikusimulie ya nyumbani kwangu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Pangani, mpole, tena mpole kupita kiasi wakati mwingine. Mwaka 2004 majambazi waliingia kwenye duka lake, wakampiga kichwani kwa kitako cha bunduki, akashonwa nyuzi kumi na moja kazini kwangu. Akanunua bastola. Wakati ule kibali kilihitajika, naye alikipata kihalali, akakaa darasani na kulenga shabaha hadi mwalimu akamsifu. Nami niliona fahari, siwezi kuficha.

Miezi saba baadaye tulikuwa kwenye barabara kuu ya 59, Jumamosi jioni, tunatoka harusini. (Aliingia nayo harusini, chini ya koti, penye watoto wanakimbizana. Nilijua, na nilinyamaza.) Kijana mmoja mwenye pikapu akatukata mbele kwa nguvu, akashusha kioo akatuonyesha kidole. Miaka yote mume wangu akifanyiwa hivyo alikuwa akisema, "Mwache, huenda mkewe anajifungua." Siku ile hakusema kitu. Niliona mkono wake wa kulia unaacha usukani, unashuka kiunoni, unakaa pale. Na gari linaongeza mwendo kumfuata yule kijana. Tulikwenda hivyo maili mbili nzima. Nikamwita kwa jina alilokuwa akiitwa na mama yake, ambalo sijawahi kumwita kabla wala baada, ndipo mguu wake ukalegea.

Tulipofika nyumbani alibaki garini peke yake hadi adhana ya isha ikalia kwenye simu. Alipoingia aliniambia neno moja tu: "Ningekuwa sina, ningemwacha." Jumatatu akairudisha dukani kwa nusu ya bei.

Sikusimulii haya kumwaibisha marehemu. Nakusimulia kwa sababu ndiye mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua.

Na kuna mwingine, ambaye jina lake sikulijua. Aliletwa na polisi saa tano usiku kwa kuwa kifua kilimbana. Viganja vyote viwili vilikuwa vimefungwa kwa mifuko ya kaki, ili alama za baruti zisipotee kabla hazijachukuliwa. Alikuwa na kibali, ana kazi nzuri, na hakuwa amewahi kushtakiwa kwa lolote. Waligombea nafasi ya kuegesha gari na mtu mwingine, wakarushiana maneno, yule mwingine akamsogelea, naye akaona hatari. Huenda kweli ilikuwepo, mimi sikuwepo. Kila nilipokuja kumpima presha aliniuliza, "Yule anaendeleaje?" Aliniuliza mara tano au sita. Mimi nilikuwa nimetoka chumba cha pili, nimemkata yule nguo kwa mkasi, nikazitia nazo kwenye mifuko ya kaki. Sikuruhusiwa kumwambia. Nilimwangalia ile mikono, imelala juu ya shuka kama vifurushi vya sokoni, na hadi leo siwezi kupokea mkate kwenye mfuko wa kaki bila kumkumbuka.

Kwetu husemwa, mwenye nguvu mpishe. Ukibeba bastola, mwenye nguvu ni wewe, na hapo methali inageuka: wewe ndiye unayetakiwa upishe. Unampisha mlevi na mwenye matusi, unampisha aliyekunyang'anya nafasi ya kuegesha, hata mkeo akiwa anakutazama, hata ukiwa wewe ndiye mwenye haki. Hurudishi tusi. Hunywi hata bia moja. Huendi kutenganisha ugomvi wa wengine. Huyo ndiye mtu mwenye haki ya kubeba silaha kati ya watu, kwa maoni yangu, na katika miaka yangu yote nimekutana na wachache sana. Jiulize kwa ukweli kama ni wewe, na ujiulize ukiwa umekumbuka siku yako mbaya kuliko zote mwaka huu.

Unaweza kuniambia: lakini mama, sheria imeniruhusu. Ni kweli. Tangu 1 Septemba 2021 Texas imeondoa ulazima wa kibali cha bastola kwa watu wengi wenye miaka 21 na zaidi. Tena sheria hapa inakwenda mbali kuliko hapo: usiku, katika mazingira fulani, inamruhusu mtu kutumia nguvu ya kuua dhidi ya mwizi anayekimbia na mali yake. Basi chukua dola zako 140 uziweke mezani. Weka na pete. Mtazame yule kijana akikimbia na vitu hivyo, mgongo wake uko kwako. Sheria ya Texas huenda ikakuachia. Mimi nakuuliza kama unataka mwanao azaliwe kwa baba aliyefanya hivyo.

Ndiyo maana utaratibu wa kwetu naupenda, pamoja na kasoro zake. Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, anayetaka silaha jina lake hupita kwenye kamati za ulinzi na usalama, kuanzia mtaani. Maana yake kuna mtu anayekujua ataulizwa: huyu akilewa hupiga mke? Ana ugomvi wa shamba na ndugu zake? Wengine huhonga, najua. Lakini wazo lenyewe ni la haki, kwamba hatari unayoibeba wewe inawapitia wao pia, basi nao wana neno. Houston hakuna wa kuulizwa. Aliyebaki wa kuulizwa ni mkeo, naye amekwisha kukujibu.

Turudi kwenye gari, maana haki ina upande wa vitendo pia. Wewe uliwekewa bastola nyuma ya sikio. Umeketi, umefunga mkanda, adui yuko nyuma yako na silaha yake imeshatoka. Ya kwako iko chini ya mkanda na shati. Usiku ule bastola ingekusaidia nini? Ungeigusa tu, angefyatua. Uko hai leo kwa sababu hukuwa na cha kushika, ukatoa pete. Nakuomba ulitafakari hilo vizuri, hata kama linaumiza heshima ya mwanamume.

Na ukifyatua, risasi haimjui mwizi. Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State huko New York, askari wawili walimfyatulia risasi 16 mtu aliyekuwa ametoka kuua. Wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za askari au vipande vyake. Hao ni watu wa kazi hiyo, wenye mafunzo. Wewe una mtihani wa hesabu Jumatatu.

Halafu kuna rangi yako, mwanangu, na sitaizunguka. Philando Castile alikuwa mweusi, miaka 32, mfanyakazi wa jikoni la shule huko Minnesota, ana kibali cha kubeba. Tarehe 6 Julai 2016 polisi walimsimamisha. Alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, kama wengi wanavyofundishwa. Askari alimfyatulia risasi saba. Mchumba wake alikuwa pembeni yake, na mtoto wa huyo mchumba, miaka minne, kiti cha nyuma. Askari aliachiwa huru na mahakama mwaka uliofuata. Wewe unaendesha gari usiku Houston, na lafudhi yako ni ya Morogoro. Utasimamishwa na polisi mara nyingi zaidi kuliko utakavyokutana na jambazi.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Julai 2022, kwenye duka kubwa la Greenwood, Indiana, mtu mwenye bunduki alikwisha kuua watu watatu. Kijana wa miaka 22, Elisjsha Dicken, raia wa kawaida aliyekuwa na bastola, akamwangusha katika sekunde chache. Kuna watu wanaokula na watoto wao leo kwa sababu yake, na asiyekubali hilo hasemi kweli. Mwaka mmoja kabla, huko Arvada, Colorado, Johnny Hurley alifanya vilevile: alimuua mtu aliyekuwa ametoka kuua askari polisi, akaokoa watu. Aliinama kuichukua bunduki ya muuaji, askari mwingine akatokea, akaona mtu mwenye bunduki mkononi, akampiga risasi akafa. Nawaheshimu wote wawili. Sina ninachoweza kukwambia kuhusu ni yupi kati yao ungekuwa wewe.

Jibu langu: usibebe. Na ya kindugu usiinunue kabisa, hujui imepita mikono gani. Kumbuka pia kwamba kwa mwenye grini kadi, hatia ya kosa la silaha inaweza kukurudisha Morogoro moja kwa moja, mtoto ukamwacha huku. Kampuni nyingi za teksi mtandao zinakataza dereva kuwa na silaha, na ukilala nje ya gari ukaiacha humo, wezi wa Houston wanajua hasa pa kupekua, kwani magarini ndiko bastola nyingi huibiwa. Itakayochukuliwa kwako ndiyo itakayowekwa nyuma ya sikio la dereva mwingine.

Fanya haya: funga kamera ya dashibodi inayorekodi na kiti cha nyuma, na iwe na taa inayoonekana. Usitembee na pesa taslimu. Pete iache nyumbani, mkeo ataelewa. Acha saa zile za kuanzia sita hadi kumi usiku, najua ndizo zenye pesa, acha. Abiria usiyemwelewa mkatae, nyota zikishuka zishuke. Na akitokea mwingine, mpe kila kitu, hata gari.

---

SWALI: Assalaam alaykum mama. Mimi ni katibu wa msikiti kaskazini mwa Texas. Waumini wengi wetu ni Waswahili, Wasomali na Wakongo. Vijana wanataka wachague watu watatu wakae na bastola kila Ijumaa. Wazee wanasema nyumba ya Mungu haiingii silaha. Kamati imeahirisha suala hili mara mbili. Tufanye nini?
*Katibu*

JIBU: Wa alaykum salaam. Kwanza msiahirishe mara ya tatu, na sababu ni hii: tangu 1 Septemba 2019 sheria ya Texas imeziondoa nyumba za ibada kwenye orodha ya mahali palipokatazwa silaha. Uongozi usipotoa katazo, anayeruhusiwa kubeba anaweza kuingia nayo. Kwa hiyo kamati ikinyamaza imekwisha kuruhusu, tena imewaruhusu wote, si hao watatu tu. Inawezekana Ijumaa iliyopita zilikuwepo tano msikitini na ninyi hamjui.

Woga wa vijana una msingi. Machi 2019 huko Christchurch, New Zealand, waumini 51 waliuawa katika misikiti miwili. Desemba ya mwaka huo huo, kwenye kanisa la White Settlement, hapo karibu na Fort Worth, mtu alitoa bunduki katikati ya ibada akaua wawili. Jack Wilson, mlinzi wa kujitolea wa kanisa, akamwangusha kwa risasi moja, na yote kwa jumla yalichukua sekunde sita. Hao ni waumini waliopanga na kufanya mazoezi. Lakini kumbukeni pia kwamba kwenye msikiti wa Linwood, Christchurch, aliyemkimbiza muuaji alikuwa Abdul Aziz, naye alianza na mashine ya kulipia kwa kadi mkononi.

Wazee nao wana hoja, ila naona wameikamata upande mmoja. Katika hadithi aliyoipokea Abu Musa, iliyomo kwa Bukhari na kwa Muslim, Mtume (S.A.W.) hakusema mwenye mishale asipite msikitini. Alisema anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake kwa mkono wake, isije ikamdhuru Muislamu. Nimeipenda hadithi hii tangu madrasa Tanga, kabla sijajua nitakuja kuona majeraha. Ncha inashikwa na mwenye mshale, si na wapita njia. Kama kuna wa kuchomwa, basi achomeke kiganja chake yeye aliyeibeba. Na ipo nyingine inayokataza kumwelekezea ndugu silaha, kwa kuwa shetani anaweza kuuvuta mkono.

Kwangu mimi, kushika ncha leo kuna maana hii. Andikeni katazo kwa wote, kisha mtoe ruhusa kwa majina. Wawili wanatosha. Wasichaguliwe waliojitokeza kwa shauku, maana anayeitamani sana kazi hii mimi namwogopa. Chagueni mtu mzima, mtulivu, ambaye hata watoto wake hawajamsikia akifoka. Wasisali jamaa ya kwanza, wasimame mlangoni, wala wasikae karibu na chumba cha watoto na akina mama. Polisi wa mji wawajue kwa sura, la sivyo yatawapata ya Arvada niliyoyasimulia kwenye jibu la juu. Kama mna uwezo wa kulipa askari wa kweli mwenye sare kwa saa mbili za Ijumaa, hilo ni bora kuliko yote, na mchangieni hata kwa dola tano tano. Na kabla ya senti moja kwenda kwenye silaha, rekebisheni milango. Mwulizeni mtu wa zimamoto kama mlango wenu wa nyuma unafunguka kwa ndani bila ufunguo. Misikiti mingi niliyosali hapa, haufunguki.

Mwisho, mnunue vifaa vya kuzuia damu: mikanda ya kubana mguu na mkono, pamba za kujaza jeraha. Niiteni, nitakuja kufundisha mwenyewe, nauli yangu mimi.

---

SWALI: Mama, mwanangu ana miaka saba, amealikwa kucheza kwa rafiki yake wa shule. Nimesikia baba wa yule mtoto hutembea na bastola. Nitaulizaje bila kuonekana mshamba au mbaguzi? Tuko Columbus, Ohio.
*Mama Salma*

JIBU: Mama Salma, utauliza kwa simu, si kwa ujumbe, na utauliza kabla ya siku yenyewe ili wapate nafasi ya kurekebisha. Anza na vya kwako: mwambie mwanao ana mzio wa karanga, au anaogopa mbwa. Halafu endelea kwa sauti ileile: "Na silaha je, kama ipo nyumbani, imefungwa kwa kufuli, na risasi ziko mbali?" Usimuulize kama anayo au kwa nini anayo. Hiyo ni siri yake. Kufuli ndilo linalokuhusu.

Bastola ya anayetembea nayo ni hatari nyumbani kuliko bunduki ya kuwindia, kwa sababu hairudi kabatini kila mara. Mtu anarudi amechoka, anaivua pamoja na mkanda, anaiweka juu ya friji au mezani karibu na kitanda, tayari ina risasi. Mkono wa miaka saba unatosha kuvuta kifyatuo. Nimewahi kumshika mama mmoja wa Kimarekani mabegani usiku mzima, na kila dakika chache alisema juu ya friji, juu ya friji. Alikuwa mpangaji mzuri wa nyumba, na pale juu alidhani mtoto hafiki. Mtoto alisogeza kiti.

Mfundishe mwanao naye: akiiona asiguse, aondoke chumbani, amwambie mtu mzima. Lakini usiutegemee utii wa mtoto. Tegemea kufuli.

Huenda baba yule akakushukuru. Wengi wenye silaha makini hufurahi kuulizwa, na mmoja alinipeleka hadi kwenye sefu yake akanionyesha jinsi inavyofunguka kwa kidole chake tu. Mjukuu wangu akashinda kwao siku nzima. Mwingine alinikatia simu. Siku hiyo mjukuu alibaki nyumbani kwangu, akalia kidogo, kisha tukaingia jikoni tukakaanga kaimati.